Maji ya Ilomba kwa Lori Lenye Kiu

Nilipokuwa kijana, mwanangu, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba gari lililozoea maji ya Mbeya likinyweshwa maji ya Usangu linaharisha. Usicheke kwanza. Wewe mwenyewe umewahi kunywa maji ya ugenini tumbo likakusumbua siku mbili. Sasa gari, ambalo lina pa kuingizia na pa kutolea, na linanguruma hivyo ukiliamsha asubuhi kwenye baridi, kwa nini lisiwe na tumbo? Hivyo ndivyo nilivyowaza, na nilikuwa msomi. Nilikuwa nimemaliza shule ya usiku nikiwa wa kwanza kati ya watu thelathini, ingawa ishirini na saba kati yao waliacha kabla ya mtihani.

Nakumbuka juma lile kana kwamba linaisha leo. Ilikuwa miaka ya hamsini, enzi za Mwingereza, nami nilitaka kumwoa Zubeda, binti wa Iringa aliyekuwa amekuja Mbeya kumsalimia mama yake mdogo. Wazee wake walikubali kutusikiliza, ila walituma neno lililonyooka: kuna kijana mwingine, na watu wake watafika Jumamosi adhuhuri. Wetu tuliwatarajia wafike Alhamisi. Wakifika kabla ya wale wengine, watasikilizwa kwanza. Wakichelewa, basi tena.

Baba yangu mkubwa alikuwa na lori dogo la kubebea mchele wa Chimala. Dereva wake alikuwa hoi kwa homa. Mimi nilijua kuendesha, yaani kwenda mbele, kurudi nyuma na kusimama kama hakuna haraka. Mambo ya chini ya boneti sikuyajua hata moja. Baba mkubwa akaniamuru nikakae siku saba kwa fundi Sefu nijifunze kulitibu gari, ndipo niwachukue yeye na shangazi Mwanaidi, wasemaji wangu, kwenda kuposa.

Nilikwenda na daftari jipya na penseli tatu. Asubuhi ya kwanza fundi Sefu akaninyooshea spana.

"Shika. Legeza ile pale."

"Naandika kwanza, fundi."

"Utaandika nini na hujafanya kitu?"

"Naandika kwamba inalegezwa."

Akanitazama, akalegeza mwenyewe. Mwanangu, haikuwa uvivu. Shangazi alikuwa ameniambia kwamba Iringa watanitazama kucha kabla ya kunitazama uso, na kwamba kijana mwenye oili vidoleni ataonekana kuli. Kwa hiyo siku zote saba sikugusa kitu. Niliandika. Pale gereji madereva walikaa kungojea magari yao, wakinywa kahawa na kuzungumza, na kila kilichosemwa nilikiandika kwa mwandiko ule ule mzuri. Fundi alisema mkanda wa feni ukiubonyeza uingie upana wa kidole kimoja, nikaandika. Dereva mmoja mrefu tuliyemwita Twiga alisema gari la Mbeya ni sharti lisafiri na maji ya kwao. Nikaandika, nikapiga na mstari chini yake. Nani kasema lipi, sikuandika. Nilidhani kilichoingia daftarini kimekwisha kuwa elimu.

Kufikia siku ya saba nilikuwa na kurasa sitini na kichwa kilichovurugika kuliko nilipokuja. Kidole kimoja, lakini cha nani? Cha fundi Sefu kilikuwa kinene kama muhogo. Tena ukurasa wa tatu ulisema kaza sana, wa kumi ukasema usikaze sana. Usiku niliota nati zinanifukuza. Nikajifariji kwamba nikifika njiani nitafungua daftari tu.

Tuliondoka Jumatano alfajiri. Nilipakia madebe manane ya maji ya kijito cha Ilomba, pale pale kwetu Mbeya, nikachota mpaka vyura wakabaki wanatembea kwa miguu. Shangazi akauliza kama tunakwenda kuposa au kuuza maji. Baba mkubwa akanitetea, maana yeye pia alipofika Chimala mara ya kwanza maji yalimlaza siku tatu.

"Kama mimi mtu mzima nililala," alisema, "sembuse lori."

Tuliposhuka kwenye joto la Usangu, rejeta ikaanza kutoa mvuke. Nikafungua daftari, nikangoja ipoe, nikamimina debe la kwanza. Tukaenda kidogo, mvuke tena. Debe la pili. Tukalala Chimala, na Alhamisi asubuhi tukaendelea hivyo hivyo, tukienda mwendo ambao kuku walitupita wakisimama kudonoa. Mvuke ulipanda mpaka mawingu yakasogea kupisha. Debe la nane nililimwaga karibu na daraja la Igawa, na hapo hapo lori likachemka tena, nikazima.

Chini yetu ulikuwa unapita mto. Mto mzima, mwanangu, unang'aa.

"Hamisi," shangazi akaniita. "Kile pale ni nini?"

"Ni mto, shangazi."

"Una maji?"

"Yapo, ila ni ya huku."

Shangazi akamgeukia baba mkubwa, baba mkubwa akatazama milima. Nikawaeleza mpango wangu: tutangoja gari linalotoka Mbeya, lenye maji ya kwetu. Mchana ule yalipita magari matatu. Dereva wa kwanza alitoka Mbeya lakini alibeba magunia matupu. Wa pili alikuwa na kibuyu kimoja, akatugawia nusu, nikayamimina kwa heshima kama dawa. Wa tatu, aliyekuwa anakwenda Iringa, alishuka na ndoo akitaka kutuchotea mtoni. Nikamzuia kwa adabu, nikamwonyesha ukurasa. Akausoma, akausoma tena, akanirudishia daftari kwa mikono miwili, akaondoka na ndoo yake.

Nilikaa kwenye ngazi ya lori nikalisoma daftari mpaka herufi zikaanza kutembea. Maji nimeweka, na ya nyumbani, mbona linachemka? Au maji ya Chimala yaliingia kwa mvuke? Au madebe yenyewe yalikuwa na kosa? Nilizidi kuwaza na kuzidi kupotea. Jua la Ijumaa likachomoza tukiwa pale pale, na mimi najua kwamba kesho adhuhuri Zubeda ataposwa na wengine.

Saa saba mchana pikapu ikatokea upande wa Iringa, ikasimama. Akashuka mzee mwembamba, kofia ya kiua kichwani, mikono nyuma. Baba mkubwa akaruka chini kumwamkia, maana alimfahamu. Alikuwa baba yake Zubeda, aliyeendesha malori ya jeshi wakati wa vita. Yule dereva wa ndoo alikuwa amefika Iringa na kusimulia mgahawani kwamba Igawa kuna kijana anayelinyima lori maji mbele ya mto, na kwamba anakwenda kuposa. Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Mzee hakucheka. Aliwasha gari kabla ya mapambazuko, aje aone mwenyewe anataka kumpa nani binti yake.

Nikamwamkia, nikamweleza yote tangu mwanzo. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nani alikuambia habari ya maji?"

"Imeandikwa, mzee."

"Imeandikwa na nani?"

Nikatazama daftari, nikatazama viatu vyangu.

"Na mimi, mzee."

Shangazi alijifunika uso na kanga. Mzee akachukua debe, akashuka mtoni, akachota, akajaza rejeta polepole. Kisha akaingiza kidole chini ya boneti akauinua mkanda wa feni. Ulilegea kama kamba ya kuanikia nguo, feni haikuwa na wa kuizungusha ipoze rejeta. Nilidhani atakaza aondoke. Akanipa spana. Alinifanya niufungue, niuvishe, niukaze, niubonyeze, halafu niufungue tena upya. Mara tatu, juani, baba mkubwa na shangazi wakitazama. Mara ya kwanza sikujua nati inazungukia upande gani. Mara ya tatu mikono yangu ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko, na sikuhitaji kuuliza kidole cha nani.

Tulimfuata nyuma, tukalala njiani, tukaingia Iringa Jumamosi saa nne asubuhi. Lori halikuchemka, wala halikuharisha. Nilisugua mikono kwa mchanga na sabuni, oili ikakataa kutoka. Tulipokaa mkekani mama yake Zubeda akanitazama kucha, kama nilivyoonywa. Shangazi akafungua mdomo kunitetea, lakini mzee akamtangulia. "Oili hiyo ni ya jana," alisema. "Nimempaka mimi." Wale wengine walipofika adhuhuri, walitukuta tunakula pilau.

Sasa wewe, mwanangu, umeniambia unataka kuendesha gari safari ndefu, na kwamba umekwisha kujifunza kwa kusoma na kusikiliza. Vema. Soma, andika pia, mimi sitamkataza mtu penseli. Lakini kila ukiandika jambo, andika na aliyelisema, na kama aliwahi kulifanya. Na kabla hujatoka, toa gurudumu kwa mikono yako, ziba pancha mwenyewe, fungua mkanda uufunge, mwenye kujua akiwa amesimama karibu akucheke. Kuchekwa gereji ni nafuu kuliko kuchekwa darajani. Ukikwama, sema umekwama, na mtu akikushikia ndoo usimwonyeshe daftari. Mungu akufikishe salama uendako, akurudishe na mikono michafu na jina safi, akupe na wakwe wavumilivu kama alivyonipa mimi.

Na kama utasahau yote niliyosema, chukua hili tu. Mzee aliniambia siku ile pale Igawa, akifunga boneti, kwa sauti ya chini ili shangazi asisikie:

"Kijana, gari halina tumbo. Maji ni maji. Mkanda wako ndio uliolegea."