Ulimi Juu ya Jiwe

Watu wakisikia kisiwa na mchanga mweupe wanafikiria bahari. Sisi wa Kolwezi bahari tunaionaga kwenye televisheni tu. Tuna ziwa lililozaliwa na baraji, ule ukuta unaozuia mto Lualaba, na ndani ya ziwa hilo kuna kisiwa kidogo chenye mchanga, ambako hakuna mtu aliyewahi kuchimba kitu. Ndiyo maana nilikichagua. Nilitaka bwana yangu alale walau usiku mmoja mahali pasipo na shimo.

Alikuwa mchimbaji wa madini tangu kabla hatujaoana. Alichimba pamoja na mdogo wake, mpaka siku ardhi ilipomfunika yule mdogo, wakamtoa akiwa maiti. Siku ya mazishi bwana yangu alichota udongo wa kaburi, akaulamba mbele ya wazee, akaapa: "Mi sirudi tena mu shimo." Kwetu mtu akilamba udongo, maneno yamekwisha. Nilimwamini. Lakini nyumbani, mtaani kwetu Dilala, alikuwa akikaa mlangoni asubuhi nzima, anatazama pikipiki zikiwapeleka wenzake machimboni, chakula hagusi. Nikaogopa. Niliogopa nitazika na huyu.

Basi tukaenda ziwani. Kisiwani hakuna nyumba, lakini ng'ambo yake, karibu na mitumbwi, mama mmoja ana vyumba vya wageni. Tulipoomba chumba alitupima kwa macho kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu.

"Ya kulala ao ya kupita?"

Ee, hasira ilinipanda! Ya kupita, kama wapenzi wa saa moja! Na umri huu!

"Mama, huyu ni bwana yangu wa ndoa ya kanisa!"

"Bote banasemaka vile," akajibu, wala hakutikisika.

Bwana yangu akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu msiba sikuwa nimesikia kicheko chake, na nikamsamehe yule mama palepale. Chumba kilikuwa na kitanda, neti yenye matundu na dirisha la kutazama maji. Nikatandika kitenge changu kipya juu ya godoro, kama bibi arusi mjinga.

Mtumbwi ukatuvusha. Kule kulikuwa kimya kabisa, ndege tu na maji. Tulikula bukari, ugali wetu, uliokwisha kupoa, na samaki wa kukaanga, tukiwa tumezika miguu mchangani. Akajilaza kivulini.

"Huku mutu anaweza kuzeeka," akasema.

Nikamshukuru Mungu moyoni. Haraka gani ile ya kushukuru!

Jioni ilipokaribia tukatembea mpaka upande wa pili, ambako maji yamemega ukingo na udongo mwekundu unaonekana. Akainama, akaokota jiwe jeusi lenye ukubwa wa yai. Nilidhani atalirusha majini, kama watu wote wanavyofanya kando ya ziwa. Alilifuta kwenye suruali, akaligeuza, kisha akatoa ulimi na kulilamba, ili lilowe aione rangi yake, kama wachimbaji wanavyopima madini. Ulimi ule ule.

"Tupa," nikamwambia.

"Ngoja kwanza, mama."

Alilipima mkononi, juu, chini, juu. Uso wake ulikuwa hai. Ulikuwa hai kuliko alipocheka kule kwa yule mama wa vyumba. Miezi yote ile nilikuwa nimempikia, nimemwombea, nimemtafutia kisiwa, na kilichomfufua kilikuwa jiwe.

Nikamnyang'anya. Nikalitupa ziwani kwa nguvu zangu zote, nikaanguka mchangani nikalia kama tunavyolia kwenye msiba, kwa sauti, nikimwita marehemu shemeji yangu aje amwone kaka yake.

Bwana yangu akaja polepole, akachuchumaa karibu yangu, akaniwekea mkono begani. Mkono wake ulikuwa mpole. Nikajua sasa ataomba msamaha.

"Usilie, mama," akasema. "Haina neno. Majiwe iko mingi hapa."