Meno Ndani ya Bilauri

Mtaani walimwita Mama Meno, na wala halikuwa jina la umbea. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno bandia. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa kwenye chumba cha nyuma cha kliniki, plasta imemganda kwenye kucha, akiletewa vipimo vya vinywa vya watu asiowajua. Daktari ndiye aliyepima, na ndiye aliyevalisha. Yeye aliletewa salamu tu, kwamba mgonjwa kashukuru. Basi akajijua ni fundi hodari, na nani angembishia?

Mtu mmoja tu ndiye aliyemtia doa, naye ni mama yake mzazi, waliyeishi naye nyumba moja. Miaka mitatu nyuma alimtengenezea seti nzima, juu na chini. Bibi huyo akavaa, akasema asante mwanangu, Mungu akuzidishie. Kesho yake meno yakaonekana ndani ya bilauri ya maji kando ya kitanda, na huko ndiko yalikohamia. Kila akiulizwa, bibi alijibu kwamba yanamfaa sana, anayatunza tu. Huku anakula vya kupondwa, anakonda, magauni yanamning'inia. Mama Meno aliumia, tena sana. Alijiambia kwamba mama ana kiburi, na mwishowe akaacha kuuliza. Wakawa wanakula meza moja bila la kuambiana.

Kanisa lilipotafuta watu wa kujitolea kwenda misheni nchi jirani, wiki mbili za kutibu meno bure, yeye alikuwa wa kwanza kuandikisha jina. Tuseme ukweli: alikwenda kutafuta shukrani, maana nyumbani kwake zilikuwa zimeadimika.

Na alizipata. Walifanyia kazi kwenye darasa la shule iliyofunga kwa likizo, yeye na mashine yake ndogo ya kusagia wakiwa dawati la mwisho. Safari hii aliwavalisha watu mwenyewe. Kila aliyevaa alisema maneno kadhaa kwa lugha yake, na mkalimani, mzee wa kanisa la pale, mtu mpole asiyevua tai hata jua likiwaka, akatafsiri: anashukuru sana. Wiki nzima ikawa ni anashukuru sana. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mama Meno akaanza kuvalisha watu watatu kwa muda wa mmoja.

Siku ya nane akarudi seremala mmoja mkongwe, aliyevalishwa juzi na ambaye jana pia alirudi. Dereva wa msafara alipomwona tu akanong'ona kwamba shukrani ya punda ni mateke. Seremala akaketi, akasema maneno mengi, akajitia kidole mdomoni. Mkalimani akatafsiri kwamba anashukuru sana.

Mama Meno akauliza inakuwaje hotuba yote ile iwe maneno mawili. Mkalimani akatazama viatu vyake. Ndipo akakiri kwamba meno yanamkata seremala ufizi wa chini, na kwamba hata jana alisema hivyo hivyo.

"Na wale wengine?"

"Baadhi yao pia," mkalimani akasema. "Lakini ninyi mmetoka mbali, tena ni bure. Tungeanzia wapi kuwaambia?"

Kwanza alikasirika, kisha akaona aibu. Akampa seremala kijikaratasi cha buluu aking'ate, rangi ikaacha alama pale meno yanapobana, akapasaga. Akamvalisha, seremala akang'ata tena, yeye akasaga tena, mara nne. Akamwomba radhi kwa usumbufu. Seremala alishangaa, na safari hii mkalimani alitafsiri neno kwa neno: "Mlango ukikwama, fundi huuranda tena. Kwani mlango umemtukana?"

Jioni ile Mama Meno aliagiza wote waliovalishwa waitwe. Kati ya watu kumi na wanane, kumi na mmoja walikuja na meno yao ndani ya leso. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Siku zilizobaki alisaga mpaka vidole vikafa ganzi, na kwenye ibada ya kuagana, wenzake walipokuwa wanashukuriwa, yeye alisimama kumshukuru seremala kwa kumsumbua. Seremala mwenyewe alikuwa kiti cha nyuma anatafuna karanga, hata hakusikia vizuri.

Alifika nyumbani saa nne asubuhi. Hakufungua begi wala hakunawa uso. Alikwenda moja kwa moja chumbani kwa mama yake, akachukua bilauri, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama, yanauma wapi?"

Bibi akagusa shavu la kulia. "Hapa. Tangu siku ile ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi mno."

Mama Meno akaenda kutoa mashine begini. Wakafanya kazi pale pale kitandani, bibi aking'ata karatasi, binti akisaga, vumbi jeupe likianguka kwenye shuka. Baada ya nusu saa alimpa biskuti kavu. Bibi akaitafuna polepole, macho kayafumba, akameza.

Asante hakusema. Alisema, "Bado kidogo, huku kushoto."

"Asante, mama," akasema Mama Meno, akawasha mashine tena.