Kompyuta ya Spika Imezima Tena

Habari za Spika nilizipata kwa Mama Povu, yule jirani anayefulia watu nguo. Tulikuwa bombani, ndoo yake imejaa na maji yanamwagika bure, maana yeye akishika habari hashiki kitu kingine.

"Mama Kibonge, wewe unalala ukuta kwa ukuta na Spika. Hujasikia kitu?"

"Kitu gani?"

"Ana mgonjwa mle ndani." Akashusha sauti, ingawa uani tulikuwa wawili tu, na mwanangu mgongoni. "Anamficha. Nimepita dirishani kuanika mashuka ya watu, nikachungulia kwenye upenyo, nikamwona kwa macho yangu anamfunika blanketi. Jua lote hili, blanketi! Anamwambia, 'Usife, tafadhali, usife sasa hivi, tumalizie ukurasa huu tu.' Halafu kimya. Halafu nikasikia analia."

"Labda alikuwa anaongea na simu."

"Simu inafunikwa blanketi?" Akanitazama kama niliyepungukiwa na akili. "Haya, shauri yako. Ukiwa ni ugonjwa wa kuambukiza, utaanza na nani kama si huyo wa mgongoni?"

Hilo la mwisho ndilo lililoniingia. Kibonge alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa, na kikohozi cha juzi kilikuwa hakijamwisha vizuri. Nikaacha ndoo palepale, nikaenda kubisha chumba cha mwisho.

Spika si jina lake. Tulimpa sisi, kwa sababu zamani alikuwa akitangaza mabasi kwenye stendi kubwa, na mpaka leo akikuita uani unageuka kabla hujajua umeitwa. Ni mwanamke mrefu, mkimya, anayetembea kama anayeogopa kukanyaga kitu. Alihamia hapa na kitanda, meza, kompyuta ya mezani aliyoinunua kwenye ofisi iliyofungwa, na birika la maji ya moto. Wageni hana. Nilijua anafanya kazi humo chumbani, kwa sababu asubuhi, wenye redio wakishaondoka kwenda makazini, ukuta wangu huanza kusoma. Nimemlaza Kibonge siku nyingi kwa habari za mito na milima na mmomonyoko wa udongo, nisijue anamsomea nani.

Nilipopiga hodi nikasikia purukushani, kitu kinaburutwa, kabati linafungwa. Mlango ukachelewa kufunguka.

"Karibu, mdogo wangu. Samahani, nilikuwa napangapanga."

Nikaangaza kila upande. Kitanda kimetandikwa, na sakafu inang'aa. Ncha ya blanketi imebanwa na mlango wa kabati. Mtu hakuna. Na macho ya mwenyeji mekundu.

Mimi nikiwa na mtoto sijui kuzunguka. "Dada, mgonjwa yuko wapi?"

"Mgonjwa?"

"Wanasema una mgonjwa unamfunika blanketi."

Akacheka mpaka akakohoa, kisha kicheko kikakatika ghafla kama kilivyoanza. Akaonyesha meza. "Mgonjwa wangu ndiye huyo. Amekufa mara ya tatu tangu asubuhi."

Ndipo nikajua kazi yake. Anawasomea wanafunzi wasioona. Kituo chao humletea kitabu cha shule, naye anakisoma chote kwa sauti, anarekodi kwenye kompyuta, kisha wanafunzi wanasikiliza kwenye simu zao. Akifika kwenye ramani hufumba macho kwanza, ili ajue mtu asiyeiona atahitaji kuambiwa nini. Hata bangili huzivua, maana maiki inasikia kila kitu. Inasikia kiti, inasikia karatasi ikigeuzwa, na zaidi ya yote inasikia feni ya kompyuta yenyewe, ambayo imezeeka na inavuma. Kituo kiliwahi kumrudishia sura nzima kwa sababu ya huo mvumo. Tangu hapo, akirekodi, anasimamisha godoro dirishani na kulifunika kasha la kompyuta kwa blanketi zito, mpaka mvumo unyamaze.

"Na sasa inajizima," akasema. "Katikati ya sentensi, pu! Nikiiwasha inakataa. Nikingoja inakubali, inakwenda kidogo, inazima tena. Nahifadhi kila ukurasa, lakini ukurasa wenyewe haufiki mwisho."

Simu yake ikalia. Akaiangalia kama inayouma, akaipokea, akaiweka mezani ikiwa na sauti ya nje, huku anamimina maji ya moto.

"Anti, shikamoo," ikasema sauti ya msichana.

"Marahaba, mwanangu."

"Sura ya nane iko tayari?"

"Inakuja."

"Ulisema hivyo Jumatatu, Anti. Si Jumatatu hii inayokuja, ile inayofuata ndiyo mtihani wa Jiografia. Wenzangu wana watu wa kuwasomea nyumbani. Mimi nina wewe. Sikusukumi, lakini."

"Unanisukuma, na una haki. Inakuja."

Alipokata simu, akanifunulia kitabu, akanionyesha palipobaki. Zilibaki sura mbili.

Tangu siku ile hofu yake ikahamia kwangu. Nikawa nabandika sikio ukutani. Sauti ikienda sawa, mabega yangu yanashuka. Ikikatika, moyo unaruka, namwangalia Kibonge naye ananiangalia. Nikaanza kujishuku. Labda ni pasi yangu ndiyo inakula umeme? Nikaacha kupiga pasi mchana. Mume wangu akaenda kazini na shati lenye mikunjo, akaniuliza kama tumegombana. Kompyuta ikazima vilevile. Nikamwomba Mama Povu asipige nguo kwenye jiwe asubuhi, akaona anaonewa, lakini akakubali kwa kutaka kujua mwisho wa habari. Ikazima.

Akaitwa fundi kompyuta, kijana wa mtaa wa pili, mwenye maneno mengi na mkono mwepesi. Kila akitaka kuja alipiga simu kwanza: "Niko njiani, dada." Hapo Spika alikuwa anapata kazi. Godoro linarudi kitandani, blanketi linaingia kabatini, ufagio unapita. Aliniambia hawezi kumkaribisha mwanamume wa watu kwenye chumba kilichopinduka kama ghala. Nami nilimsaidia kukunja.

Fundi anaingia, anakaa, anawasha. Mashine inakwenda kama mpya.

"Dada, mashine yako inanipenda," anasema. "Nikiwepo haiumwi."

Mara ya kwanza alibadilisha waya wa umeme. Akaondoka, na haukupita muda, pu! Mara ya pili alitoa vipande vya memori, akavisugua kwa kifutio cha penseli, akavirudisha, akasema sasa hata wajukuu wataitumia. Pu! Mara ya tatu akaibeba mpaka kibandani kwake, akaifungulia muziki kutwa nzima. Haikuzima hata kidogo. Akairudisha anatikisa kichwa.

"Mimi nimemaliza. Kinachobaki ni umeme wa nyumba yenu."

"Si umeme, ni kijicho," akadakia Mama Povu mlangoni, kitambaa cha kufutia mikono begani.

"Kijicho hakina dawa kwenye mkoba wangu, mama."

Alhamisi, siku nne kabla ya mtihani, akaja mara ya nne. Akapima soketi kwa kile kidude chake, akaona umeme uko sawa. Akafungua kasha, akafuta vumbi, akalifunga. Akakaa nusu saa anaitazama inavyofanya kazi. Mashine ikatulia kama mtoto mbele ya wageni. Fundi akaaga, na safari hii hakucheka.

Spika hakungoja. Alisimamisha godoro, akalifunika kasha, akavua bangili. Mimi nilikaa chini karibu na mlango, Kibonge kwenye ziwa ili asitoe sauti. Akaanza tena sura ya nane. Nilikuwa namwona kidole kikishuka mstari kwa mstari, na jasho likishuka nalo shingoni. Ukurasa wa kwanza ukapita. Wa pili. Nikaanza kuomba kimoyomoyo.

Mlango ukasukumwa. "Samahani dada, nimesahau bisibisi..."

Ni fundi. Akasimama na mguu mmoja ndani. Spika akaruka kulivuta blanketi, kwa aibu kama mtu aliyekutwa kwenye taulo.

"Usiguse!" Fundi akapaza sauti mpaka Kibonge akaachia ziwa. "Hilo nini?"

"Blanketi tu. Samahani, chumba hakijakaa vizuri..."

"Achana na chumba! Kila siku unaifunika hivi?"

"Nikirekodi. Kwa sababu ya kelele."

"Na nikija?"

Spika akanitazama mimi. Mimi nikatazama chini. "Ukija tunapanga," akasema.

Fundi akaingiza mkono chini ya blanketi, akautoa haraka akiupuliza. Na mashine, kama iliyokuwa inamngoja shahidi, ikazima palepale. Pu!

"Umeiona?" akasema. "Hii ikipata joto kupita kiasi inajizima yenyewe, isiungue. Nimesugua memori mpaka kifutio kimeisha, kumbe mgonjwa kafunikwa blanketi mpaka puani! Dada, si ungeniachia chumba kichafu hata siku moja?"

Tukacheka, yeye kwa sauti kubwa kuliko sisi. Spika alicheka huku anajifuta macho, na kwa kitambo nikaona sura yake jinsi ilivyo ikiwa haina wasiwasi. Ni nzuri.

Lakini kicheko hakikudumu. Kompyuta ilipopoa akaiwasha bila blanketi, akasoma kurasa tatu moja kwa moja. Haikuzima. Akatuwekea tusikilize.

Mvumo. Sauti ya Spika ilikuwa ndani ya mvumo huo kama mtu anayeongea karibu na mashine ya kusaga. Neno "mwinuko" sikulisikia kabisa, na nilikuwa nimekaa pale alipolisema.

"Watairudisha," akasema. "Na yule binti wa simu atakuwa ameshaingia kwenye mtihani."

"Feni nyingine naweza kuagiza," fundi akasema, "ila itafika katikati ya wiki ijayo."

"Jumatatu ni Jumatatu."

"Basi kasha likae nje ya chumba, maiki na karatasi zibaki humu. Waya mrefu ninao, utapita dirishani."

"Nje wapi? Uani, liibiwe? Mvua ikinyesha?"

Fundi alichungulia dirishani, akapima kwa macho umbali mpaka dirisha linalofuata. Dirisha linalofuata ni langu. Nikamwona Spika naye analipima, kisha anamwangalia Kibonge, aliyekuwa amekamata ncha ya blanketi anaitafuna. Nikajua anachotaka kusema, na nikajua pia kwa nini hakisemi. Chumba kimoja, mtoto, mume anayerudi amechoka, na mashine yenye mvumo mezani ambayo mimi sijawahi kuigusa hata kwa bahati mbaya.

Simu ya Spika ikalia. Hakuipokea. Aliigeuza kifudifudi, akaja akachuchumaa mbele yangu, magoti yakalia, na ile sauti ya stendi ikatoka ndogo kabisa.

"Mdogo wangu, naomba kompyuta ikae kwako mpaka Jumapili, na wewe ukae nayo. Nikigonga ukuta, bonyeza pale nitakapokuonyesha, ianze. Nikigonga tena, isimamishe. Na huyu, wewe unamjua kabla hajalia. Ukiona uso unaanza kukunjamana, nigongee wewe, ninyamaze mpaka amalize. Utanisaidia?"