Mkalimani wa Kompyuta

Intaneti ilipofika Arusha, nilikuwa fundi wa kompyuta mjini, nikiishi na mama kwenye shamba letu la kahawa mlimani Meru. Kazini nilitumia programu ya bure inayowezesha lugha mbili za kompyuta kuelewana, lakini ilikwama kila ilipopokea maneno marefu. Nilihangaika wiki tatu nikaligundua kosa, nikalirekebisha na kuwatumia watengenezaji wake ng'ambo kazi yangu. Mara mbili walinirudishia, wakitaka majaribio zaidi. Mara ya tatu wakaandika: "Tumeikubali kazi yako. Itatumiwa na wote."

Nilipiga kigelegele hadi wateja wakageuka.

Nyumbani nilimsimulia mama.

"Kumbe binti yangu ni mkalimani!" alisema, akatoka mbio kuwatangazia majirani kwa Kimeru.