Mchanga Tumboni mwa Farasi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuweka sikio upande mmoja tu. Nilikuwa nimejifunza magonjwa ya ng'ombe, tena kwa kitabu kilichokosa jalada na kurasa za mwanzo, na ng'ombe ukitaka kujua kama tumbo lake linafanya kazi unasikiliza ubavu wa kushoto. Kwa hiyo nilipoitwa kumwona farasi dume wa mzee mmoja Mborana, nilisikiliza kushoto, nikasikia mngurumo, nikaandika katika daftari langu kwamba tumbo ni zima. Farasi alikufa kesho yake kabla ya adhuhuri. Tulipompasua, utumbo mkubwa ulikuwa umejaa mchanga uliolowa, mzito kiasi kwamba watu wawili hatukuweza kuuinua.

Niliosha mikono mara nne. Ndivyo nilivyo, na hata leo siwezi kuacha. Mara ya nne maji yalipotulia niliona mchanga umejikalisha chini ya beseni, na nikaelewa jinsi ambavyo ningeweza kuutambua ugonjwa ule: ningechukua kinyesi, nikakikoroga na maji ndani ya mkebe, nikangoja. Nilijichukia sana kwa kulijua hilo siku moja baada ya kuhitajika.

Ilikuwa miaka ya vita vya serikali na shifta, waasi wa kaskazini mwa Kenya. Mzee na watu wake walikuwa wametolewa upande wa Garbatulla na kuwekwa katika kijiji chenye ua wa seng'enge nje kidogo ya mji wa Isiolo, na hakuna aliyetoka bila kibali. Ng'ombe wake walikuwa wamekwisha. Sasa alibakiwa na farasi mmoja tu, jike mwenye mimba. Mimi nilikuwa msaidizi katika ofisi ya mifugo, kijana wa Kimeru niliyepanga chumba mtaa wa Bulla Pesa. Daktari mwenyewe hakuwa akifika, kwa sababu ya hali ya barabara.

Wiki mbili baadaye jike naye akaanza. Alikuwa akipiga ardhi kwa kwato, anageuka kutazama ubavu wake, analala, anainuka, analala tena.

"Salaam aleikum, mzee," nilisema.

"Aleikum salaam. Wewe tena?"

"Ni mimi."

"Yule ulisema ni mzima."

"Nilikosea, mzee."

"Na huyu utasema nini? Kwamba amezaa tayari?"

Akina mama waliokuwa wakipanga kuni walicheka. Nilisikiliza kushoto, nikasikiliza kulia, nikarudi kushoto. Kulia palikuwa kimya. Kwenye mkebe mchanga ulifika unene wa vidole viwili.

Dawa ilikuwa mafuta mazito yasiyo na rangi, ya kulainisha tumbo, na yalipaswa kupitishwa kwa mrija wa mpira kutoka tundu la pua hadi tumboni. Mpira ukiingia kwenye mapafu badala ya tumbo, umemuua kwa mkono wako. Nilipuliza, nikatega sikio kwenye ncha, nikapapasa shingo, nikautoa, nikaanza upya. Mara tatu.

"Unampigia nani simu?" mzee aliuliza. "Mwambie tunangoja."

Kisha ilibidi jike atembezwe. Langoni askari alimsimamisha farasi kwa kiganja.

"Huyu ana kibali?"

"Afande, huyu ni farasi."

"Nimeuliza kibali."

Tukamzungusha ndani ya ua, katikati ya vibanda na majiko, mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Jioni akatoa kinyesi, na mchanga ndani yake. Siku ya tatu alikuwa akila vizuri.

Nilitengeneza hori la mbao. Nikatandika magunia chini yake ili hata punje ya mahindi isiguse mchanga. Nilipima kinyesi kila asubuhi, na kila asubuhi maji yalizidi kuwa safi. Halafu, wiki ya pili, mchanga ukarudi, na jike akaanza tena kupiga ardhi.

Nilirudia ule mpira na mafuta, kisha nikamgeukia mzee.

"Nani anamwagia chakula chini?" niliuliza kwa sauti ambayo kijana hapaswi kumtolea mzee.

"Hakuna."

"Mzee, mchanga haujipeleki tumboni!"

"Basi kaa hapa uone."

Nilikaa. Nilikaa juani siku nzima, daftari magotini, nikimwangalia farasi kama mlinzi. Alasiri mzee alitoka kibandani na kifuko cha udongo wa kijivu, akaumwaga chini mbele ya jike. Jike akaanza kulamba, udongo na mchanga pamoja, mpaka pakabaki shimo.

"Hiyo ni nini?"

"Chumvi."

"Lakini nilikuuliza kila kitu anachokula!"

"Chumvi si chakula." Alinitazama kama mtu aliyechoka kufundisha. "Kwetu tunampeleka farasi palipo na udongo wa chumvi, analamba ardhi ngumu, tunarudi. Sasa nimefungiwa. Kuna mtu ana kibali, ananiletea kifuko. Ningemwacha mwenye mimba bila chumvi?" Alipiga teke mchanga, ukaruka hadi kwenye viatu vyangu. "Ardhi waliyonipa ndiyo hii."

Nilikwenda mjini, nikapata tairi kuukuu, nikalikata katikati kuzunguka, nikaliosha, nikalileta. Mzee alimwaga chumvi ndani yake. Jike alinusa tairi, akakataa, akanusa tena, akalamba.

Mchanga ulikwisha kabisa kwenye mkebe. Mvua zilipoanza jike alizaa dume mwenye miguu mirefu, na mzee akaniita nije nimwone. Nilipofungua daftari alinishika mkono.

"Kwanza sikiliza pande zote mbili," alisema.

Tangu wakati ule nasikiliza pande zote mbili. Na sitoi dawa kabla mwenye mnyama hajanionyesha, kwa macho yangu, siku nzima ya mnyama wake, pamoja na vitu ambavyo yeye haviiti chakula. Mikono bado naosha mara nne.