Mnara Mzima wa Kakuma

Hapa Kakuma, kambini kwa wakimbizi, meseji ya pesa za mgao wa chakula hutumwa kwenye simu za watu wote asubuhi ileile moja, na mimi mwenye duka siuzi hata kilo ya unga kabla haijaingia. Siku hiyo haikuingia. Tukakimbilia chini ya mnara wa simu, tukisukumana, kana kwamba netiweki ni maji ya bomba. Simu zilionyesha netiweki kamili, lakini hakuna kilichopita. Fundi kutoka Lodwar akaupanda, akashuka, akatangaza kwamba mnara ni mzima: hubeba simu chache kwa wakati mmoja, nasi tumeujaza, kwa hiyo kuusogelea hakusaidii kitu. Kisha akampigia mkubwa wake amweleze hayo. Simu haikupita. Akausogelea mnara, tukampisha.