Kambare Chini ya Kitambaa cha Mama

Mama alikubali tangi la samaki likae sebuleni kwa sharti moja: tone moja likigusa zulia lake, kambare wangu anaingia sufuriani. Bibi, aliyekuwa pembeni anachambua mchicha, aliitikia kabla yangu.

Kambare mwenyewe nilimwokoa Itetemia, kwenye dimbwi lililokuwa linakauka. Alipolishinda beseni, nikaenda kwa baba mdogo, fundi wa madirisha ya vioo.

"Shikamoo. Nataka tangi refu kama kitanda changu, maji yanifike mapajani."

"Marahaba. Unafuga samaki au unabatiza watu?"

Nilichagua kioo cha dirisha, milimita tano, kwa sababu kilikuwa kimebaki tu pale. Akakisimamisha, akakishika kingo, akaniambia nisukume katikati. Kikabonyea.

"Hicho ni kiganja chako tu. Maji yanasukuma usiku na mchana, na yakiwa na kina, kule chini ndiyo usiseme."

Nikapendekeza plastiki ngumu, ile ya mabango.

"Bibi yako anasugua kila kitu kwa majivu. Plastiki itachubuka, utabaki unafuga ukungu."

Tukaishia kwenye kioo cha milimita kumi na mbili, kilichowahi kuwa kaunta ya duka la vitenge. Tukaunga kwa silikoni, tukaiacha ikauke kabisa, tukajaza maji. Mimi na baba mdogo tukalala kifudifudi, tukipapasa viungo kwa karatasi za chooni. Kavu. Bibi akauliza kama tumeangalia vizuri.

Mama kwa furaha akalifanyia tangi kile anachoifanyia redio, runinga na migongo ya makochi: akalifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe. Kila mtu akaona sasa kazi imekamilika.

Jumuiya ilipokuja kusali kwetu, katikati ya rozari nikasikia plaa! Kambare huyo, anajikokota kwenye zulia, kitambaa cheupe kichwani kama bibi harusi, anaelekea kwa mwenyekiti. Salamu Maria ikapanda sauti. Mwenyekiti akapanda kochi.

Nikamkumbatia kambare, nikamrudisha majini. Bibi tayari amesimama na sufuria. Sijui alikuwa ameificha wapi.

"Mama, kioo hakijavuja hata tone," nikajitetea haraka. "Kilichoshindwa ni kifuniko."

Mama akatazama zulia lililolowa, akatazama kitambaa. Wanawake wote waliokuwa mle sebuleni wana vitambaa kama hicho majumbani mwao, na ni yeye aliyewafumia. Akakiokota, akakikamua taratibu.

"Mwambie baba yako mdogo alete kifuniko cha kioo," akasema. "Aache na nafasi ya hewa."

Kile cha milimita tano ndipo kikapata kazi. Bibi akarudi jikoni na sufuria yake tupu.

"Mume wangu," akanipazia sauti toka huko, kwa utani wa bibi na mjukuu, "umeninyima kitoweo mbele ya jumuiya nzima!"